Fremu kuukuu za Shinyalu: shajara ya kuzirudisha kazini

Januari 2026, mwanzoni

Mizinga ya nyuki imefika kwa pikapu kutoka ghala la kikundi cha akina mama, upande wa pili wa soko la Shinyalu. Ilikaa humo tangu mradi uliowaletea ulipofunga virago. Mradi ulikuja na fulana na kofia, ukawafunza alasiri moja, ukaondoka. Nyuki nao wakaondoka baada ya misimu michache. Mingi ni Langstroth, masanduku yenye fremu kumi kumi za mbao ambamo nyuki hujenga masega, na michache ni KTBH (Kenya Top Bar Hive), ile ya vijiti vya juu iliyobuniwa hapa Kenya miaka ya 1970.

Makubaliano ni kwamba mimi nisafishe, nusu ibaki kwangu, nusu irudi kwao ikiwa na nyuki. Mama mwenyekiti alilirudia hilo neno la mwisho kabla sijapanda gari: "Ikiwa na nyuki, mwanangu. Kuosha tu hata sisi tunajua."

Nimefungua sanduku la kwanza hapo hapo uani. Panya wamezaa ndani. Fremu zimeshikamana kwa gundi ya nyuki, lazima upenyeze patasi kwenye pembe na uigonge kwa kiganja mpaka isikike "ta!" ndipo moja iachie. Masega ya katikati yamefunikwa utando mweupe kutoka ukingo hadi ukingo, na kwenye utando kumejaa punje nyeusi ndogo ndogo, kinyesi cha viwavi wa nondo wa nta. Viwavi wenyewe wameshaondoka zamani, lakini kwenye mbao za pembeni wameacha mifereji mifupi yenye umbo la mtumbwi waliyoitafuna ili walaze vifukofuko vyao. Nikipitisha kidole gumba naihisi yote, mmoja baada ya mwingine. Mbao zenyewe bado ni imara.

Januari, kabla ya kugusa maji

Kila anayepita hapa anauliza swali moja: si fundi aunde fremu mpya tu? Ni kweli, vipande vya saipresi vinavyobaki kwa seremala havina bei, na fundi mzuri huunda fremu nyingi kwa siku. Lakini nyuki hawaishi kwenye mbao. Hukadiriwa kwamba nyuki hula kilo 6 hadi 8 za asali ili watengeneze kilo 1 ya nta, na kazi hiyo huwachukua muda ambao wangekuwa wanaleta asali. Fremu yenye sega zima lililojengwa tayari ni nyumba yenye samani. Kwa hiyo ninachambua kwa kuangalia sega. Mbao itafuata.

Jinsi ya kuchambua ni rahisi. Asubuhi jua likishapanda juu ya miti nainua fremu kuelekea mwanga, naweka vidole vyangu nyuma ya sega. Nikiviona waziwazi, sega ni changa na linabaki. Nikiona kivuli tu, rangi ya chai ya mkandaa, nalitenga. Nisipoona kitu, hilo limezeeka.

Weusi huo hauoshwi. Kila nyuki anayezaliwa ndani ya kijumba, kitundu kimoja cha sega, huacha ganda jembamba la hariri ukutani, na nyuki kibarua mmoja hukaa humo karibu siku 20 tangu yai mpaka atoke. Piga hesabu ya vizazi vinavyopita katika misimu mitatu au minne. Ukuta unanenepa, kijumba kinabana, gundi na uchafu wa miguu vinaongezeka juu yake. Wafugaji wengi huondoa sega la majana, yaani watoto wa nyuki, baada ya miaka mitatu hivi kwa sababu hiyo, na pia kwa sababu vijidudu vya magonjwa hujificha humo.

Nimeona pia kwa nini nondo walichagua walichochagua. Kiwavi wake hashibi nta tupu, anahitaji yale maganda ya hariri na chavua iliyobaki. Fremu za juu ambazo malkia hakuwahi kutaga, zenye harufu ya asali tu, zimebaki karibu nzima ndani ya sanduku lile lile ambamo jirani zake zimegeuka utando. Lakini kuna fremu za sanduku la juu ambazo ni nyeusi tii. Hapakuwekwa kichujio cha malkia, wavu wa kumzuia asipande, akapanda na kutaga hadi darini. Hakuna aliyewaambia akina mama hawa kwamba kuna chombo kama hicho.

Januari, ukaguzi wa ugonjwa

Kazi hii ndiyo isiyofaa kuharakishwa. Kuna ugonjwa wa kuoza kwa majana unaoletwa na bakteria aitwaye Paenibacillus larvae, na spora zake huweza kukaa hai kwenye sega na mbao kwa zaidi ya miaka 35. Kuchemsha nta hakuziui. Mzinga ukiwa na majana hai, unatumbukiza kijiti cha kiberiti kwenye kijumba chenye mfuniko uliobonyea na kutoboka, unavuta polepole. Kikitoka uzi wa kahawia unaorefuka kama sentimita mbili au tatu bila kukatika, hiyo ni dalili mbaya sana. Kwenye sega kavu hakuna cha kuvuta. Unachotafuta ni gamba jeusi lililolala kwenye ukuta wa chini wa kijumba, limeshika kiasi kwamba ukilikwangua unabomoa sega kabla halijatoka.

Nimeketi kwenye kigoda, jua likitokea nyuma ya bega langu, ubao wa juu wa fremu ukinielekea, ili mwanga uangukie kuta za chini. Sega kwa sega. Sehemu kubwa ya nilichokiona ni chavua iliyoota ukungu wa kijani, na hiyo haina neno. Kundi lenye nguvu huitoa lenyewe. Mbili zilinitia shaka. Sina maabara hapa uani, na shaka inatosha. Nimechimba shimo hadi magotini, nikaziteketeza humo na mafuta ya taa kidogo, nikafukia. Shimo ni lazima, kwa sababu nta na asali ikiyeyuka ikatiririka juu ya ardhi, nyuki wa jirani wataipata kabla ya jioni na kuipeleka kwao pamoja na kilichomo.

Januari, friji ya samaki

Masega mazuri bado yanaweza kuwa na mayai ya nondo, madogo kiasi kwamba huyaoni. Baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku mbili huua nondo wa kila umri, yai hadi mkubwa. Friji ya namna hiyo ninayoijua ni ya mama anayeuza samaki wa Kisumu pale Khayega. Amekubali kunipa kona moja kwa sharti kwamba nikitoka nimwachie chupa ya asali, na kwamba nisiguse ngege wake.

Sega hunyonya harufu. Nimezifunga fremu mbili mbili kwa karatasi ya nailoni ya kitalu niliyoinunua duka la pembejeo, maana mifuko ya plastiki ya dukani ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017 na sina akiba ya zamani kama watu wengine. Umeme ukikatika, na hukatika, hesabu inaanza upya. Zikitoka hazifunguliwi papo hapo. Zinaachwa ndani ya nailoni mpaka zipate joto la kawaida, ili umande ukae nje ya karatasi na si ndani ya vijumba. Na sega lililotoka baridini ni jepesi kuvunjika, kwa hiyo boda aliyezibeba nimemwomba aende mwendo wa harusi.

Zilizokwisha nimezitundika chini ya paa la banda, fremu mbali na fremu, upepo na mwanga vikipita katikati. Nondo hapendi mahali pa wazi. Nilishauriwa na mtu wa kuaminika kabisa nizirundike kwenye sanduku lililofungwa pamoja na vile vidonge vyeupe vya kabati la nguo. Sitaki. Sumu yake huingia kwenye nta, na kutoka kwenye nta huingia kwenye asali, na atakayeila ni mtoto wa mtu.

Februari, gundi ya nyuki

Gundi ya nyuki hukwanguliwa alfajiri. Kukiwa na baridi inakatika kama chipsi za glasi na kuruka. Ikifika saa nne jua limeilainisha na sasa inashika patasi, glavu, ndevu. Nakwangua juu ya gazeti na kuikusanya mkebeni, maana kuna wanaoinunua kwa dawa. Sehemu inayosahaulika ni ule mkato mdogo chini ya masikio ya fremu, pale inapokalia ukingo wa sanduku. Usipousafisha, fremu inakaa juu kidogo, ile nafasi ya nyuki ya milimita 6 hadi 9 inapotea, na wataijaza kwa gundi upya. Langstroth alipata hataza ya mzinga wake mwaka 1852 kwa sababu ya nafasi hiyo. Inastahili dakika mbili za patasi.

Februari, usiku wa nta

Jirani yangu ni mzee mwenye mizinga ya magogo ukingoni mwa msitu wa Kakamega tangu kabla sijazaliwa. Nilimwendea kumwuliza kuhusu kuni za kuchemshia, akanijibu kuhusu saa.

"Unachemsha lini?"

"Kesho mchana, mzee, nikitoka shambani."

"Mchana utawaita hata wale wa msituni, kijana. Ngoja walale."

Basi tumechemsha usiku, yeye akiwa kwenye kiti akitoa amri. Masega meusi yalikuwa yameloweshwa tangu jana yake. Kulowesha si kwa ajili ya usafi: yale maganda ya hariri yakishashiba maji hayanyonyi nta, lakini yakiingia motoni makavu yanaifyonza na hutaiona tena. Tumetumia maji ya mvua ya tangi. Maji yenye chokaa huchafua nta na kuifanya iwe na povu la kijivu. Sufuria ni ya alumini, maana chuma chenye kutu au shaba huipa nta rangi.

Masega yakaingia gunia la katani, gunia likafungwa mdomo, likakandamizwa chini ya maji kwa jiwe. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 hivi, kwa hiyo hakuna haja ya maji kuruka ruka; moto wa pole, maji yakitetema tu. Baada ya muda ule mduara wa njano ulianza kutanda juu, mwanzo doa moja, kisha madoa yakakutana. Tulikuwa tukiligandamiza gunia kwa mti, tunaligeuza, tunaligandamiza tena. Kila kona ya gunia ilikuwa bado ina cha kutoa. Mzee hakuruhusu hata mara moja niweke nta kavu moja kwa moja juu ya moto. Nta ikipita kiasi cha joto hushika moto, na moto wake haukubali maji.

Tulipoondoa gunia tukaifunika sufuria kwa blanketi kuukuu ipoe polepole. Ikipoa haraka hupasuka na kufungia uchafu ndani.

Asubuhi keki imejitenga na kingo yenyewe. Nimeigeuza: tabaka la chini ni tope la kahawia, nimelikwangua kwa kisu mpaka nikakutana na nta safi. Harufu imejaa hadi jikoni. Nimepima keki kwa mizani ya duka na haikufika hata theluthi ya uzito wa masega yaliyoingia. Hilo halinishangazi, kwa sababu uzito mwingi wa sega jeusi si nta. Makapi yaliyobaki guniani yamekaushwa na sasa ndiyo yanayowasha jiko, yanawaka vizuri kuliko makaratasi. Nta imeyeyushwa mara ya pili, sufuria ndani ya sufuria, ikapitishwa kwenye leso kuukuu.

Kile kiyeyushio cha jua, sanduku jeusi lenye kioo, nimekiunda pia, lakini ni kwa vifuniko vya asali na masega meupe peke yake. Ukitia sega jeusi humo, maganda yanakunywa nta yote na unabaki unaangalia kioo.

Februari, pipa la magadi

Mbao tupu zilizotoka kwenye sega bado zina mafuta ya nta na gundi kwenye kila mkato. Dawa yake ni soda ya kufulia, nasi tunayo kutoka Ziwa Magadi, ile ile inayotiwa kwenye githeri. Kipimo cha kawaida cha soda ya kufulia ni kilo 1 kwa lita 5 za maji ya moto, na magadi nimeyapima hivyo hivyo. Nusu pipa, moto chini, fremu zinazamishwa chache chache na kusuguliwa kwa brashi ya nguo. Nta ikikutana na magadi inageuka sabuni, unaona povu la maziwa likitoka kwenye viungo. Glavu ndefu na miwani. Kosti ya mjini inayotengenezewa sabuni ingefanya kazi haraka zaidi, lakini watoto wanapita hapa na jicho halina kipuri.

Kukhu, bibi yangu, alisimama akitazama, akauliza kwa nini sikutumia musherekha, ile chumvi ya majivu inayolainisha mrenda. Ana hoja, maana kazi yake ni ile ile. Tatizo ni kwamba yeye huipata kwa matone, nami nahitaji pipa.

Fremu haziachwi zikichemka mpaka uende dukani urudi. Mbao hufura, viungo hulegea, misumari inatoka. Zangu zimesuuzwa kwa maji mengi na kukaushwa kivulini, maana juani hupinda. Masanduku yenyewe hayakuchemshwa. Nimeyapanga manne manne moja juu ya lingine, nikawasha majani makavu chini, moto ukapanda ndani kama bomba la jiko, nikauzima mbao zilipopata rangi ya kahawia. Moto huo hufika juu juu tu, kwa hiyo kwa sanduku la mzinga wenye ugonjwa nisingeitegemea njia hii.

Machi, kipimo kilichofichika

Wakati wa kurudisha fremu ndani ya masanduku ndipo nilipoelewa ghala lile. Masega mengi yalikuwa yamejengwa kimshazari, moja limeunganisha fremu mbili au tatu, hata zilipotolewa zilivunjika. Fremu hizi zimeundwa kwa kipimo cha nyuki wa Ulaya: kutoka katikati ya fremu moja hadi katikati ya inayofuata ni milimita 35. Nyuki wetu hupenda milimita 32, ndiyo maana kijiti cha KTBH kina upana huo. Ukimpa nafasi isiyo yake, anajenga anavyoona yeye. Na karatasi za nta zenye chapa ya vijumba zinazoagizwa nje nyingi zina vijumba vya milimita 5.4, wakati vya kibarua wetu ni karibu 4.8.

Akina mama waliambiwa ni wavivu wa kukagua. Nimemwambia mama mwenyekiti kwa simu kuhusu zile milimita tatu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe."

Fundi amepiga randa mabega ya fremu, milimita moja na nusu kila upande. Sasa sanduku la fremu kumi linachukua kumi na moja. Waya umekazwa upya. Ukiugusa kwa kucha ulie, si utete. Badala ya karatasi za kuagiza nimetengeneza vipande vyangu: ubao laini uliolowekwa majini unachovywa kwenye nta iliyoyeyuka mara mbili tatu, unatiwa kwenye maji baridi, na nta inabanduka kama karatasi. Nakata ukanda wa sentimita mbili, naugandisha kwenye mfereji wa ubao wa juu kwa nta ya moto. Hapo nyuki wanaonyeshwa mstari tu. Ukubwa wa kijumba wataamua wenyewe. Vijiti vya KTBH vimepakwa mstari wa nta katikati, basi.

Kila fremu yenye sega inayorudi imewekwa nukta ya rangi juu, kwa utaratibu ule ule wa kutia alama malkia: mwaka unaoishia kwa 1 au 6 ni nyeupe, 2 au 7 njano, 3 au 8 nyekundu, 4 au 9 kijani, 5 au 0 buluu. Zangu zote ni nyeupe, ijapokuwa sega lenyewe lina umri mkubwa kuliko hapo. Nukta inahesabu tangu lilipopita mikononi mwangu.

Machi, mvua ikikaribia

Masega meusi hayakwenda yote guniani. Nimebakiza machache, yale magumu yasiyo na chavua, yaliyopita kwenye friji. Nyuki wanaotafuta nyumba hufuata harufu ya mahali walipoishi wenzao, na hakuna kinachonukia hivyo kuliko sega lililolelea vizazi. Kwa hiyo kila mzinga wa kunasa una fremu moja nyeusi ukutani, za mistari ya nta katikati, na hakuna kingine. Mzee ameongeza lake, amesugua mlango kwa majani ya mchaichai yaliyopondwa. Yana harufu ya limau inayokaribiana na ile ambayo nyuki wenyewe huitoa wakiitana. Miguu ya meza zinazobeba mizinga nimeipaka grisi kwa sababu ya siafu, na mizinga ya mitini imening'inizwa kwa waya.

Fremu nyeusi kwenye mzinga mtupu ni karamu ya nondo pia, kwa kuwa hakuna nyuki wa kulinda. Nazichungulia kila wiki. Moja imeshaonyesha uzi wa utando, imerudi guniani.

Machi, mwishoni

Mizinga miwili imeingiwa. Mmoja ni ule wa mti wa mwarubaini nyuma ya nyumba, wa pili uko kwa mzee, ambaye anadai ni mchaichai na hataki kusikia habari ya sega. Siifungui bado. Nyuki wetu wakisumbuliwa kabla hawajawa na majana wanahama bila kuaga. Wakishajenga na malkia akataga kwenye fremu mpya, ile nyeusi nitaisogeza pembeni, majana yake yaliyomo yakishatoka nitaiondoa, nayo iende sufuriani na wenzake.

Huo wa mzee utakwenda Shinyalu, usiku, mlango ukiwa umezibwa kwa wavu. Mama mwenyekiti amepiga simu mara nyingine. Ametaka kujua kama ule nao una fremu kumi na moja.